Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kuchomelea ya Mtumba na Umeme wa Nyumbani

SWALI: Ndugu Fundi, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, ambamo nataka kutengeneza madirisha ya nondo, meza na mageti mepesi kwa chuma kisichozidi unene wa milimita 4. Umeme wangu ni wa njia moja (singo fezi). Karakana iko mita 25 kutoka kwenye bodi ya breka, na imevutiwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 uliofungiwa breka ya ampia 20. Nimeonyeshwa mashine mbili zilizotumika. Ya kwanza ni ya transfoma, nzito, yenye uwezo wa ampia 250, na kibati chake kimeandikwa volti 220/380. Ya pili ni inveta ndogo, yaani mashine nyepesi ya kielektroniki, ya ampia 200. Muuzaji anasema zote mbili zitafanya kazi kwangu kwa kubadilisha plagi tu. Je, ni kweli, na nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ile 20 iliyoandikwa kwenye breka yako, maana ndiyo itakayoamua mashine gani itafanya kazi kwako. Namba kubwa inayoandikwa usoni mwa mashine ni umeme unaotoka kwenda kwenye elektrodi (kijiti cha kuchomelea), nao hutoka kwa volti chache, takriban 24 tu wakati wa kuchomelea. Unachotakiwa kukijua ni umeme unaoingia, ambao mashine inauvuta kutoka ukutani. Kwenye kibati cha mashine iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa, tafuta alama ya U1, ambayo ni volti za kuingia, I1max, yaani ampia za juu kabisa zinazovutwa, na I1eff, ambayo ni ampia zinazolingana na joto litakalobebwa na waya wako baada ya kuhesabu vipindi vya kuchomelea na vya kupumzika. Angalia pia alama ya njia: 1~ ni njia moja, 3~ ni njia tatu. Mashine yenye 3~ peke yake iache hapohapo, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kuhusu ile ya transfoma, maandishi ya 220/380 hayamaanishi lazima kwamba ni ya njia tatu. Nyingi za aina hiyo ni za njia moja zenye vituo viwili vya kufungia waya, kimoja cha volti 220 na kingine cha volti 380 zinazopatikana kati ya njia mbili za umeme. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kwamba itawaka kwako, ila bila shaka hakukueleza kinachotokea unapoihamishia kwenye volti 220: kwa kuwa nguvu inayohitajika ni ileile na volti zimepungua, ampia zinaongezeka mara 1.7. Mashine inayovuta ampia 36 kwenye volti 380 itataka karibu ampia 62 kwenye volti 220 ukiifungulia yote. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya breka yako.

Huenda ukasema hutaifungulia yote, na ni hoja ya haki, kwani elektrodi ya milimita 2.5 inayokufaa kwa chuma chembamba huhitaji ampia 60 hadi 90 tu. Basi tupige hesabu hiyo. Transfoma yenye volti 55 upande wa kutokea, ikiwa haijaanza kuchomelea, imeshusha volti 220 hadi robo yake. Kwa hiyo ampia 90 kwenye elektrodi huwa takriban ampia 22 hadi 23 kutoka ukutani. Breka nzuri ya 20 inaweza kuvumilia hapo kwa muda, lakini kila elektrodi inapoganda kwenye chuma, na wakati mwingine unapowasha swichi tu, mvuto hupanda ghafla na breka huanguka. Utakuwa unatembea mita 25 kwenda na kurudi kuinua breka, na jioni moja utashawishika kuibadilisha kwa ya ampia 40 bila kubadilisha waya. Usithubutu kufanya hivyo. Waya utageuka kuwa fyuzi ndani ya ukuta.

Inveta hufanya kazi hiyohiyo kwa mvuto mdogo zaidi, kwa sababu hupoteza umeme kidogo njiani. Kwa ampia 90 hutoa nguvu ya kilowati 2.1 hivi, na hata ukihesabu upotevu wa ndani na udhaifu wake wa kuvuta umeme kwa vipande badala ya mfululizo, utaona ampia 16 au karibu yake ukutani. Hiyo inakaa chini ya breka yako. Ukiipandisha hadi 200, mvuto unaweza kupita ampia 40, kwa hiyo ile 200 ichukulie kama akiba usiyoweza kuitumia hapo ulipo. Ukikuta inveta inayodai ampia 200 huku kibati chake kikisema inavuta ampia 16 tu, ujue kibati kinasema uongo: ampia 16 kwa volti 220 ni kama kVA 3.5 (volti mara ampia, ukigawa kwa elfu), na ampia 200 za kuchomelea zinadai zaidi ya kilowati 5.

Kwa hali uliyoieleza, nakushauri uchukue inveta, lakini kwa sharti la kuijaribu. Mashine ya transfoma ikiungua, fundi wa kusuka koili huifufua; inveta ikiungua bodi yake ya kielektroniki, mara nyingi matengenezo hukaribia bei uliyoinunulia. Omba kuchomelea elektrodi tatu au nne mfululizo kwa ampia 90, kisha sikiliza feni na utazame kama taa ya joto inawaka mapema. Hapohapo tumia klampu mita, yaani kipimo cha ampia kinachobana waya kwa nje: tenganisha waya wa moto na wa nyutro kwa kipande kifupi cha kebo, kisha bana waya mmoja tu, maana ukibana kebo nzima mita itasoma sifuri. Usomaji wakati elektrodi inawaka ndio jibu la swali lako, kuliko maneno yangu au ya muuzaji. Tazama pia matundu ya hewa. Ukiona vumbi jeusi la chuma la grainda limejaa ndani, mashine hiyo imeishi vibaya, na vumbi hilo hupitisha umeme kati ya njia za bodi. Usifungue boksi mwenyewe. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Ikiwa moyo wako uko kwenye ile ya transfoma, nayo si mbaya kwa mtu mwenye laini yake maalumu. Mwite fundi umeme avute waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, wenye breka ya ampia 32 ya aina ya C (inayovumilia mvuto wa ghafla wa kuwasha) na ethi ya uhakika, baada ya kuthibitisha kwamba swichi kuu ya nyumba inaweza kubeba mzigo huo pamoja na matumizi mengine. Waya huo una faida nyingine: kwenye waya wako wa sasa, ampia 22 kwa mita 25 hupoteza karibu volti 10, na ukiongeza ekstensheni nyembamba ya milimita 1.5 yenye mita 20 utapoteza volti nyingine 12 au 13, hadi elektrodi iwe inaganda badala ya kuwaka. Kwa waya wa 6 utapoteza kama volti 4 tu. Kabla ya kulipia, nusa ndani ya mashine kama kuna harufu ya vanishi iliyoungua, na kagua vituo vya waya kama shaba imebadilika rangi kwa joto.

SWALI: Ndugu Fundi, eneo letu umeme hukatika sana. Je, inveta ya namna hiyo naweza kuiendesha kwa jenereta ya kVA 2?

JIBU: Hapana, isipokuwa kwa elektrodi nyembamba sana, na hata hapo kwa taabu. Kwa ampia 90 tulizozihesabu hapo juu, inveta hutaka karibu kVA 3.6 mfululizo, kwa hiyo tafuta jenereta ya kVA 5 ya kazi endelevu. Usichukue ile inayotangaza uwezo wa kilele cha sekunde chache. Iwashe jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Na mafuta yakikaribia kwisha, izime mashine mapema, kwani jenereta inayokwamakwama huyumbisha volti kwa namna inayoweza kuua bodi.