Pasaka ya saa moja: kuandaa mkutano wa sakramenti visiwani

Mgeni aliyezoea Pasaka ya Mkunazini au ya Minara Miwili akiingia kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa ambao wengi wanawaita Wamormoni, huanza kuangaza macho akitafuta Pasaka yenyewe. Msalaba ukutani haupo. Kwaresima hawaifungi, majivu hawapakwi, maandamano ya matawi hakuna. Hata mishumaa hairuhusiwi kuwashwa ndani ya majengo yao. Kilichopo ni mkutano wa sakramenti, yaani ibada ya kula mkate na kunywa maji kwa kumkumbuka Yesu, ule ule wa kila Jumapili. Ndiyo maana bila maandalizi Pasaka inaweza kuwapita hivi hivi, watu wakarudi nyumbani wakiwa wamesikia matangazo na hotuba mbili za mambo mengine kabisa.

Ushauri huu ni kwa waumini wachache walioko Unguja na Pemba, wanaokutana kikundi kidogo au wanaovuka kwenda Dar, na kwa yeyote aliyepewa kazi ya kupanga ibada hiyo.

Anza na muda. Jumapili ya kawaida ni saa mbili: saa moja ya sakramenti, kisha madarasa. Tangu 2023 Urais wa Kwanza, yaani viongozi wakuu wa kanisa, umeelekeza kwamba Jumapili ya Pasaka ufanyike mkutano wa sakramenti peke yake, ili muda unaobaki watu wauadhimishe nyumbani na familia zao. Tangazeni jambo hili wiki mbili kabla, na mlirudie kwa simu. Lisipotangazwa, kuna mwalimu atakayekesha akiandaa somo lisilokuwepo, na kuna wale wenye mazoea ya kuchelewa watakaofika watu wakiagana mlangoni.

Dakika 60 ni chache. Wimbo wa kufungua, sala na matangazo visizidi dakika kumi, na matangazo ya siku hiyo yawe mafupi kabisa. Habari za usafi wa jengo zingoje. Sakramenti huchukua kama robo saa. Zinabaki dakika 35 hivi. Hapo ndipo wapangaji wengi hukosea: wanaweka wahutubu watatu, kila mmoja anachukua dakika zake kumi na tano, na muziki ndio unaokatwa. Wawili wanatosha, dakika nane kila mmoja, na katikati pawe na maandiko na nyimbo.

Maandiko yasomwe kwa sauti na watu tofauti, mmoja mzee, mmoja kijana, mmoja mtoto anayesoma vizuri. Luka 24 au Yohana 20 kwanza. Kisha 3 Nefi 11, katika Kitabu cha Mormoni ambacho kanisa hili hukihesabu kuwa maandiko pamoja na Biblia, pale Yesu aliyefufuka anapowatokea watu na kuwaita wamguse ubavuni na mikononi, mmoja mmoja. Hii ndiyo sehemu ambayo Wakristo wengine hawana, na ndiyo inayoipa Pasaka ya kanisa hili sura yake, kwa hiyo msiiache. Alma 40:23, ya kitabu hicho hicho, inafaa kwa mhutubu, kwa sababu inaeleza ufufuo wa mwili wazi wazi. Mwenye kupenda historia ataje kwamba tarehe 3 Aprili 1836, siku ambayo Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, na mwenzake Oliver Cowdery walishuhudia kumwona Bwana katika hekalu la Kirtland, Marekani, ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Ushuhuda wa mitume wa kanisa hili uitwao Kristo Aliye Hai, wa tarehe 1 Januari 2000, ni mrefu kidogo. Chagueni aya mbili.

Muziki usiwatishe. Hakuna mpiga kinanda? Pigeni muziki wa kusindikiza kutoka kwenye simu yenye programu ya kanisa iitwayo Maktaba ya Injili, ila pakueni nyimbo Jumamosi. Kutegemea mtandao wa asubuhi ile ni kujitafutia aibu. Tafuteni na spika ndogo yenye chaji, kwani Pasaka huangukia masika: mvua ikipiga juu ya mabati, mhutubu hasikiki hata safu ya pili, na umeme nao una tabia zake.

Sasa meza. Boflo moja la kawaida linawatosha watu thelathini bila shida. Mkate wa kumimina haufai, una sukari na unanata vidoleni. Wa ajemi unamegeka vizuri. Makuhani, ambao katika kanisa hili mara nyingi ni vijana, wanaumega wakati wimbo wa sakramenti unaimbwa, vipande visizidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Vikiwa vikubwa, watu bado wanatafuna sala ya maji inapoanza. Kitambaa cheupe kinachofunika meza kiwe kizito kidogo, au feni ielekezwe kando. Feni ikikipeperusha katikati ya sala, watoto wote macho yao yako mezani.

Sala zenyewe, ya mkate na ya maji, husemwa neno kwa neno kama zilivyo katika Moroni 4 na 5, humo humo katika Kitabu cha Mormoni. Kosa la kawaida ni moja: kijana anasoma moja kwa moja kutoka kitabuni na kusema divai, ilhali kanisa linatumia maji na neno linalotakiwa ni maji. Akikosea, kiongozi anamwashiria arudie. Mwandikieni kadi mapema kwa herufi kubwa, mumalize. Na kama mnakutana nyumbani, sakramenti haitolewi hivi hivi eti kwa kuwa kuna mwenye ukuhani. Lazima askofu, au rais wa tawi (kiongozi wa kusanyiko dogo), aidhinishe. Ombeni ruhusa hiyo mapema, si Jumamosi usiku. Wanaovuka Dar nao wakate tiketi ya boti mapema: Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, boti hujaa, na bahari ya masika haiahidi mtu saa ya kufika.

Ijumaa Kuu haina ibada maalumu. Anayetaka kwenda na jirani yake Mwanglikana, na aende.

Kuhusu chakula baada ya ibada, tazameni kalenda. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliingia ndani ya Ramadhani. Hali ikiwa hivyo, kuleni ndani kwa utulivu, au subirini magharibi muwapelekee majirani kitu cha futari. Kahawa na chai ya majani waumini hawa hawanywi. Mchaichai na tangawizi vinatosha, na jirani hatalalamika.

Jambo la mwisho: kuna miaka Pasaka inagongana na mkutano mkuu wa Aprili, ule wa kanisa zima unaorushwa kutoka Salt Lake City, Marekani, kama 2018 na 2021. Kwa kawaida Jumapili ya mkutano mkuu hakuna mkutano wa sakramenti, kwa hiyo muulizeni kiongozi wenu mapema ni Jumapili ipi itakayoadhimishwa. Matangazo ya asubuhi ya Salt Lake City huingia kwetu saa moja usiku, na ya mchana wao saa tano usiku. Watoto walale kwanza mchana.