Kabla ya Kupanda Viazi Mviringo Dodoma, Pima Joto la Usiku

Nimezaliwa Makete, wilaya ya milimani yenye baridi mkoani Njombe, ambako viazi mviringo hupandwa hata nyuma ya jiko, na nilipohamia Dodoma kikazi niliamini kwamba mtu aliyekua akichimba viazi hawezi kushindwa kuvilima popote penye udongo na mvua. Imani hiyo ilinigharimu magunia 2 ya mbegu, kodi ya robo eka upande wa Hombolo, na nauli ya mzigo kutoka nyumbani. Ninaandika haya kwa sababu kila bei ya viazi inapopanda katika soko la Majengo hupigiwa simu na watumishi wenzangu wanaotaka kuanza kilimo hicho, na wote huniuliza kuhusu maji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu usiku.

Nilipanda Desemba, mvua zilipoanza, kama wanavyofanya wenyeji kwa mtama na alizeti. Mimea ilistawi kupita matarajio yangu, ikawa na mashina marefu na majani mengi ya kupendeza, hata mzee mwenye shamba, Mgogo aliyelima uwele maisha yake yote, akanipongeza. Nilipochimbua mwezi Machi nilikuta nyuzi nyeupe ndefu na viazi vya ukubwa wa gololi. Mzee aliinama, akaokota viwili, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe umelima mboga ya majani."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Asili ya kiazi mviringo ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, na mmea wake haujasahau baridi ya kwao. Mchana majani hutengeneza wanga, lakini kuushusha wanga huo chini na kuuhifadhi hutegemea ubaridi, hasa wa usiku. Joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi, viazi hutunga na kujaa vizuri. Usiku ukibaki na joto la nyuzi 20 au zaidi, mmea huendelea kurefusha shina, na sehemu ya wanga huteketea katika upumuaji wake wenyewe kabla hakujapambazuka. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba hapa hukaribia nyuzi 20. Mvua yetu, kwa bahati mbaya, huja pamoja na joto.

Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia shambani. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.65 kila unapopanda mita 100, kwa hiyo nyuzi 1 ya ongezeko la joto hulisogeza shamba lenye ubaridi uleule juu kwa mita 150 hivi. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900. Ndugu zangu wa Makete bado wana pa kupanda, ingawa si mbali: juu yao kuna Kitulo, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na kilele cha Mtorwi chenye mita 2,961, na juu ya hapo hakuna shamba, kuna mawingu. Sisi wa Dodoma hatuna mlima wa kukimbilia, kwa hiyo ngazi yetu ni kalenda. Tunao msimu mmoja tu wa baridi, Mei hadi Agosti, ambapo usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 14 au chini yake, na kila joto linapoongezeka msimu huo hufinywa pande zote mbili.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilipanda mapema mwezi Mei, kwa umwagiliaji wa matone, nikatandaza majani makavu ya mtama juu ya matuta ili udongo usichemke mchana, nikapata magunia 7 ya kawaida, si lumbesa. Ukitaka kujaribu, onja kwanza maji ya kisima, kwa maana visima vingi vya hapa vina chumvi na kiazi hakiipendi. Kisha nunua kipimajoto, ukichomeke udongoni sentimita 10 na ukisome alfajiri kwa wiki 2 kabla ya kununua mbegu. Zipo aina zilizozalishwa kuvumilia joto, kama Unica ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, lakini kuvumilia si kupenda.

Jambo jingine ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaoshamiri kwenye joto na kubaki udongoni kwa miaka. Usipande viazi palipotoka nyanya au bilinganya, ambazo ni jamaa zake. Ukiona mmea umenyauka ilhali udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukining'inize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ng'oa mmea huo pamoja na udongo wake, na usihifadhi mbegu kutoka shamba hilo.

Mwaka huu nimetenga matuta 12 tu ya viazi mviringo. Sehemu iliyobaki nimempa yule mzee, naye amepanda viazi vitamu.