Kwenye jaribio la PIND (kutikisa chipu iliyofungwa na kusikiliza kama kuna chembe inayogongagonga ndani), chipu ilipiga kelele raundi ya kwanza, ya pili ikanyamaza: niitumie?

Hapana ndugu, itenge. Kifuniko kimezibwa kabisa, hiyo chembe ingetokea wapi? Imenata tu mahali, huenda kwa umemetuli, na siku ikibanduka, kama ni ya chuma, italeta shoti. Ndiyo maana MIL-STD-883 (kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima chipu), mbinu ya 2020, inaanza na mshtuko wa karibu 1,000 g (yaani mara 1,000 ya mvutano wa dunia) wa kuibandua, kisha mtikiso (20 g kwa hali A ya jaribio) huku kihisi kikisikiliza.

Kurudia jaribio mpaka ipite ni kujidanganya. Mimi ningekagua kwanza ule ute wa kuunganishia chipu na kihisi. Ukiwa na viputo vya hewa, kelele ndogo hazisikiki. Chipu za plastiki usihangaike nazo, hazina uwazi ndani.