Wasomaji Wauliza: Krimu nyepesi, mashine inatetemeka

SWALI: Nina mashine ya kutenganisha krimu, ya kuzungusha kwa mkono. Siku hizi lita 10 za maziwa zinanipa lita moja na nusu ya krimu nyepesi kama uji wa mgonjwa, na maziwa yanayobaki bado yana mafuta. Tena inatetemeka. Je, imechakaa?
Mfugaji, Njombe

JIBU: Usiitupe bado. Hapo una matatizo mawili, na wengi huyachanganya.

Krimu nyepesi yenyewe si hasara. Lita 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina takriban gramu 400 za mafuta. Yakitoka ndani ya lita moja ya krimu, hiyo ni asilimia 40. Ndani ya lita moja na nusu, asilimia 27 hivi. Mafuta ni yaleyale. Tafuta skurubu ndogo ya krimu juu ya bakuli linalozunguka, iingize robo mzunguko, ujaribu, kisha robo nyingine. Ukizidisha, krimu inakuwa nzito hadi inaziba njia yake.

Hasara ni mafuta yanayobaki kwenye maziwa. Anza na joto: maziwa yapite yakiwa nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Yaliyolala kwenye baridi yapashe kwanza, na yaliyoanza kuchacha usiyatie kabisa. Yataganda kati ya visahani vya chuma vilivyopangwa ndani ya bakuli.

Kisha mwendo. Lita ya mafuta ya maziwa ina uzito wa gramu 930 hivi, na ya maziwa yasiyo na mafuta 1,035. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana kwenye sufuria krimu huchukua usiku kucha kupanda. Bakuli likizunguka maelfu ya mara kwa dakika, maziwa mazito hukimbilia ukutani na mafuta hubaki katikati. Lakini mwendo ukishuka nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Shika saa uhesabu mizunguko ya mpini. Nyingi hutaka kama 60 kwa dakika, angalia kitabu cha yako. Kwenye mashine za zamani zenye kengele, inapolia bado hujafika. Usifungue bomba la maziwa kabla mwendo haujafika.

Mtetemo huyachanganya upya yaliyokwisha kutengana. Fungua bakuli: visahani vikiwa na namba, vipangwe kwa namba, kimoja kilichopinda au kilichosahaulika kwenye beseni la kuoshea kinatosha kuliyumbisha. Ringi ya mpira iliyolala bapa badilisha. Kaza nati ya bakuli, na meza ifungwe kwa bolti.

Ukimaliza, pitisha nusu lita ya maji ya uvuguvugu ili krimu iliyobaki itoke, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Ukianza na maji yanayochemka, protini hushika chuma kama gundi. Yale matope ya kijivu ukutani mwa bakuli yafukie, usimpe mbwa wala nguruwe: yamebeba uchafu na vijidudu.

SWALI: Maziwa ya mbuzi hayaweki krimu juu hata nikiyalaza. Mashine itasaidia?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Itasaidia sana. Matone yake ya mafuta ni madogo na hayashikani kama ya ng'ombe, hivyo hupanda polepole mno. Yapitishe yakiwa na joto lilelile, ila bomba lifunguke kidogo zaidi ya nusu tu.