Funika rubidiamu, kisha utabiri

Mnaoanza kemia, nilipokuwa mwanafunzi nilikariri elementi 20 za kwanza kama shairi. Siku mtihani ulipouliza kuhusu rubidiamu, ambayo ni ya 37, sikuwa na pa kuanzia. Leo nafundisha, na zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wapya ni hili: kwenye jedwali la elementi, funika rubidiamu kwa kidole, ukadirie itayeyuka kwenye joto gani kwa kuangalia jirani zake wa kundi la kwanza, yaani safu wima ya kwanza ya jedwali.

Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 181 za Selsiasi, sodiamu 98, potasiamu 63, sesiamu 28. Wengi huchukua wastani wa potasiamu na sesiamu, wakapata kama 46. Si vibaya, ila tazameni hatua zenyewe: ya kwanza imeshuka 83, ya pili 35. Zinazidi kuwa fupi. Basi kati ya potasiamu na sesiamu hatua ya kwanza nayo iwe ndefu kuliko ya pili, na jibu liwe chini ya 46. Rubidiamu huyeyuka kwenye 39.

Sababu yake ni ya lazima kuijua. Kila ukishuka kundini, atomu huongezewa ganda la elektroni, na kiini kinakuwa mbali zaidi na zile elektroni za nje zinazoshikilia metali pamoja. Mshiko unalegea. Asiyejua hivyo atakwama kwenye halojeni, yaani kundi la klorini, ambako kushuka huleta kinyume: klorini ni gesi, bromini kimiminika, iodini yabisi. Huko kinachohesabika ni mvutano kati ya molekuli na molekuli, nao hukua kadiri elektroni zinavyoongezeka.

Halafu kuna densiti, yaani gramu ngapi zimo katika sentimita moja ya ujazo. Sodiamu ni 0.97, potasiamu 0.86, ilhali kila mtu hutegemea ipande. Msiiandike tu kama "isiyofuata kanuni" mkapita. Gawanyeni: uzito wa atomu umepanda kutoka 23 hadi 39, yaani mara 1.7, lakini nafasi inayochukuliwa na idadi ileile ya atomu imepanda mara 1.9. Nafasi imeushinda uzito. Napenda sana hesabu hii, kwa sababu mwanafunzi akishaifanya mwenyewe haisahau.

Dmitri Mendeleev, mkemia Mrusi aliyepanga jedwali la elementi, alifanya kazi hiihii kwa elementi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Aliacha nafasi wazi chini ya alumini, akakadiria densiti ya 5.9 hivi. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaigundua galiamu, akapima 4.7. Mendeleev akamwandikia kwamba sampuli haikuwa safi. Ilipopimwa upya, ikawa 5.9.

Lakini galiamu hiyohiyo, mkikadiria kiwango chake cha kuyeyuka kwa wastani wa jirani zake, itawaangusha: alumini ni 660, indiamu 157, galiamu yenyewe 30 tu, huyeyuka kiganjani. Ndani ya galiamu yabisi atomu hujipanga jozi jozi, tofauti na jirani zake. Kwa hiyo kabla ya kukadiria, ulizeni kama jirani wamejengwa kwa namna moja.

Jioni hii funikeni bromini. Klorini huchemka kwenye −34, iodini 184. Andikeni namba yenu kwa kalamu, na sababu yake kando, kabla ya kuinua kidole.