Ukitaka kununua tanzanaiti, igeuze kwanza

Nikiletewa jiwe na kuulizwa kama ni tanzanaiti ya kweli, huwa naanza kwa kumwomba mwenye jiwe asogee dirishani. Taa za dukani huwekwa ili kila kitu kipendeze, hazifai kwa kazi hii. Akiwa kwenye mwanga wa mchana, aligeuze taratibu huku akitazama rangi. Tanzanaiti huhama kutoka buluu kwenda zambarau kadiri unavyoizungusha. Kioo kitabaki na buluu ileile upande wowote. Sababu ni kwamba tanzanaiti ni fuwele: atomu zake zimejipanga kwa safu, na mwanga unaopita upande huu humezwa tofauti na unaopita upande ule. Kioo hakina mpangilio huo.

Buluu yenyewe ni kazi ya vanadiamu, aina ya metali, kidogo sana iliyoingia jiwe lilipokuwa likijijenga, kama miaka milioni 585 iliyopita. Miamba ya Mirerani, wilayani Simanjiro, inakochimbwa tanzanaiti, ilianza kama matope yenye chokaa na mabaki ya viumbe. Mabara yalipogongana, matope yakazikwa, yakabanwa na kuiva kwa joto. Mabaki ya viumbe yakawa grafiti, ile nyeusi inayowapaka wachimbaji mpaka usimtambue unayemfahamu. Vimiminika vya moto vikapita kwenye nyufa vikiwa vimebeba kalsiamu, alumini na silika, na kwenye mianya fuwele zikaota. Mchimbaji mzoefu akiona grafiti anajua yuko karibu, ingawa karibu hiyo inaweza kummalizia mtaji.

Mawe mengi hutoka shimoni yakiwa na ukahawia. Huchomwa kwenye tanuru, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 500 na 600, ukahawia ukaondoka. Muuzaji akikuongezea bei kwa maelezo kwamba lake halijachomwa, usitoe pesa kwa neno tu. Rangi ya jiwe lililochomwa haipauki, na karibu kila tanzanaiti utakayoiona dukani imepita motoni. Ninayoyakataa mimi ni yaliyopakwa: jiwe hafifu hupewa utando mwembamba wa buluu, ukatoka na rangi inayong'aa. Tazama kingo kwa lenzi ya mara 10. Utando huanza kuchubuka hapo.

Sasa, kugeuza peke yake hakutoshi, maana iolaiti, kito kingine cha buluu, nayo hubadili rangi, tena sana. Hapo utatumia mzani. Pima jiwe lisilofungwa kwenye pete, kisha lipime likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Jiwe la karati 6.7 (karati ni kipimo cha uzito wa vito) likipungua karati 2 majini, umepata 3.35, na hiyo ndiyo tanzanaiti. Iolaiti hutoa kama 2.6, na kioo cha kawaida hakiko mbali na hapo. Kwa jiwe dogo sana kipimo hiki hupotosha kama mzani si mzuri. La bei kubwa, lipeleke maabara ya vito kabla ya kulipa.

Usikubali mtu akukwaruzie jiwe eti anapima ugumu. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, kwa hiyo itakwaruza kioo, lakini na mawe mengine mengi yanakwaruza kioo. Utabaki na alama na bila jibu.

Ugumu huo ndio unaonifanya niwashauri watu wachague hereni au kidani badala ya pete ya kila siku. Vumbi letu limejaa kwazi, madini ya mchanga, yenye ugumu wa 7. Ukifuta pete kavu kwa kanga unaisugua kwa mchanga. Isitoshe, tanzanaiti ina upande mmoja inakopasuka kirahisi, kama kuni iliyopigwa shoka kufuata nyuzi zake. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, basi. Mashine za kusafishia kwa mtetemo au mvuke zinaweza kuipasua. Na ukipeleka pete kwa sonara kuongezwa au kupunguzwa, mwambie atoe jiwe kabla hajawasha moto.