Itifaki “rahisi” au itifaki “sahili”?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya Gemini, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) ndogo ya intaneti ya kusomea kurasa za maandishi. Watumiaji wake hubishana mara kwa mara kama ipewe vipengele vipya. Nimeandika: “Tuiweke itifaki rahisi huku tukifikiria kuongeza itifaki.” Mwenzangu anasema sentensi haijakaa sawa, na kwamba “rahisi” iwe “sahili”. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ingawa kamusi zinaweza kukutetea wewe, kwa kuwa huyachukulia maneno hayo mawili kuwa visawe. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayedhurika. Lakini katika mjadala unaoutafsiri, tofauti yake ndiyo kiini cha ubishi wenyewe.

“Rahisi” humtazama mtu: kitu ni rahisi kwangu, kwako, au kwa mfuko wa mnunuzi, ndiyo maana bei rahisi ni bei nafuu. “Sahili” hukitazama kitu chenyewe, jinsi kilivyoundwa. Aliyepita sekondari amekutana na sentensi sahili, ile yenye kishazi huru kimoja tu, ikitofautishwa na sentensi changamano. Na sentensi sahili si lazima iwe rahisi kueleweka. “Mtu ni watu” ina maneno matatu, lakini unaweza kuijadili tangu asubuhi mpaka jua lizame.

Sasa itazame Gemini, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtu anayejiita Solderpunk. Ombi lake ni anwani moja isiyozidi baiti 1024. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa, hujibu kwa mstari mmoja unaoanza na tarakimu mbili: 20 maana yake ukurasa unakuja, 51 maana yake haupo. Kisha hutuma ukurasa na kukata mawasiliano. Hakuna vidakuzi, yaani vijifaili vya kumtambua mtumiaji anaporudi, wala hakuna mahali pa kuchomeka taarifa za ziada. Hilo lilikusudiwa, ili mtu mmoja mwenye ujuzi aweze kujiandikia kivinjari chake bila kutegemea kampuni yoyote. Muundo kama huo ni sahili.

Je, ni rahisi kwa anayeutumia? Si kila mara. Kwa kuwa seva haitaji ukubwa wa faili, anayepakua kitu kikubwa hajui kimebaki kiasi gani, na mawasiliano yakikatika katikati huenda asitambue. Wapo walioomba ukubwa huo utajwe. Vilevile, kila kiungo lazima kikae kwenye mstari wake, ukianza na alama =>, hivyo mwandishi hawezi kukiingiza katikati ya sentensi. Kuruhusu mambo hayo mawili kungemrahisishia kazi msomaji na mwandishi. Lakini kila programu ya Gemini ingelazimika kufanya kazi zaidi, na anayeomba kipengele cha tatu angekuwa na mfano wa kuutaja. HTTP, itifaki ya wavuti tunayoitumia sote, nayo mwaka 1991 ombi lake lilikuwa mstari mmoja tu. Baadaye ikapewa vichwa, yaani mistari ya taarifa za ziada, visivyo na ukomo, na mwaka 1994 vidakuzi vikapitia humo. Vilisaidia duka la mtandaoni kukumbuka kapu la mteja, kisha watangazaji wakavitumia kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Mimi nawaunga mkono wanaokataa nyongeza, na ningependa tafsiri yako iwape neno la kujitetea. Ukiandika “rahisi” pande zote mbili, wabishi wote wataonekana wanadai kitu kimoja.

Kuna na “nyepesi”. Hiyo itumie unapozungumzia mzigo: ukurasa wa Gemini ni mwepesi, hauli bando.

Kosa la pili mwenzako hakuligusa, nalo kwangu ni kubwa zaidi. “Kuongeza itifaki” si “kuiongezea itifaki”. Ukiongeza mboga, mboga zinakuwa nyingi. Ukiiongezea mboga chumvi, kilichoongezeka ni chumvi. Kwa sentensi yako, unafikiria kuwa na itifaki nyingine zaidi. Na jambo hilo lipo kweli! Gemini ni ya kusoma, na waliotaka kutuma maandishi kwenye seva walitengenezewa Titan, itifaki ya pembeni yenye anwani zinazoanza kwa titan://. Hapo waliongeza itifaki ili wasiiongezee Gemini kitu. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea kinatenganisha njia mbili za kutatua mgogoro mmoja, basi kichunge katika hati nzima.

Na “tuiweke itifaki rahisi” inasikika kama kuna itifaki rahisi inayotafuta pa kuwekwa. Kitu kisichotakiwa kubadilika, kwetu, hubaki au huachwa kilivyo: “Itifaki ibaki sahili hata tunapofikiria kuiongezea vipengele.”

“Sahili” haipokei kiambishi cha ngeli: itifaki sahili, muundo sahili, vipengele sahili. Nomino yake ni “usahili”, na h usiidondoshe, kwa sababu “usaili” ni yale mahojiano ya kuomba kazi.